Giaboksi ya Gari la Mayai

Mtaani walimwita Bolti, na mgeni aliyelisikia jina hilo mara ya kwanza alidhani limetokana na mikono yake. Mikono ilikuwa mikubwa kweli, mizito, yenye kucha nyeusi zisizotakata hata kwa sabuni ya unga. Lakini jina lilitoka kwingine, mahali pabaya, na mwenyewe alipajua fika. Ndiyo maana ukimwita hivyo usoni alikurushia spana. Hakukulenga, ila hakuwa mbali sana na kukulenga.

Ukitaka kumjua mtu huyu, anza na ubishi wake, kwa sababu kila alichonacho maishani alikipata kwa kubishana. Alijifunza giaboksi za otomatiki enzi ambazo mafundi wengine walizikimbia. Gari la aina hiyo likizingua, wao walishauri giaboksi ing'olewe iwekwe ya klachi, basi, yaishe. Bosi wake wa kwanza alimwambia mambo yale yanataka watu wenye vichwa. Bolti akavimba, akaenda kufungua giaboksi moja mbovu nyuma ya banda, akaifunga, akaifungua tena, mpaka akazijua zote kama mtu anavyoijua mifuko ya suruali yake. Hata mke alimpata kwa ubishi. Kaka wa binti alisema mbele ya ukoo mzima kwamba dada yake haolewi na mtu anayenuka grisi. Harusi ikafungwa, na bwana harusi, kwa jeuri tu, akaingia ukumbini na kucha zake zilezile.

Kaka huyo ndiye mwenye yadi ya spea za mtumba, barabara ileile, juu kidogo ya gereji ya Bolti. Hawajawahi kupikika chungu kimoja hata siku moja. Lakini mmoja anauza giaboksi na mwingine anafunga giaboksi, kwa hiyo miaka ya mwanzo walivumiliana, wakaitana shemeji, wakachekeana kwa meno ya mbele.

Kilichowaharibu ni kazi yenyewe. Kati ya injini na giaboksi ya otomatiki hukaa bakuli zito la chuma lililojaa mafuta. Mafundi huliita konveta. Konveta lazima lizame lote ndani ya giaboksi kwanza, ulizungushe kwa mkono mpaka ulisikie limekaa, ndipo uisogeze giaboksi kwenye injini. Likikaa sawa, vyuma viwili vinakutana kwa kusukuma tu, na bolti kazi yake ni kushikilia. Ikibaki nafasi ya kupitisha kidole, teremsha, anza upya. Bolti alikuwa akiwafokea mafundi wengine kwa jambo hilohilo. Lakini siku moja, mteja amemsimamia kichwani anapiga kelele, nafasi ya kidole ikabaki, naye badala ya kuteremsha akaivuta kwa kukaza bolti. Ndani kikalia kitu, ta! Pampu ya mafuta ilikuwa imepasuka. Akaibeba giaboksi mpaka yadi, uso mkavu, akasema kauziwa mbovu.

Shemeji akaipokea, akaichungulia, akambadilishia bila neno. Angegombana palepale ingekuwa afadhali. Yeye alinyamaza, akangoja, na mahali alipochagua kusema ni kwenye msiba wa mama yake mzazi, watu wamejaa uani, wachukuzi wanahangaika kulipitisha jeneza kwenye mlango mwembamba. "Mwiteni shemeji," alisema kwa sauti, "yeye kitu kisipoingia hukivuta kwa bolti."

Watu walicheka. Walicheka wameziba midomo kwa viganja, lakini walicheka, na jina likamganda tangu siku hiyo. Marehemu ndiye mtu pekee katika ukoo ule aliyempenda Bolti tangu mwanzo. Bolti alikuwa amesimama pale na uchungu wake mwenyewe, na akageuzwa kichekesho. Hilo hakulisamehe. Ukweli kwamba pampu aliipasua yeye haukumpunguzia hasira hata kidogo, ulimwongezea.

Sasa mkewe. Mguu wake wa kushoto haukuwa na nguvu tangu utotoni, ulimfuata tu nyuma, na kwa ajili hiyo gari la klachi kwake lilikuwa kama ngazi kwa mtu aliyefungwa miguu. Alikuwa na wagoni ya kijivu, otomatiki, ya zamani kiasi kwamba ingekuwa mtu ingekuwa na wajukuu. Kwa wagoni hiyo alisambaza mayai. Kila asubuhi aliyafuata kwa wafugaji nje ya mji, akayapanga trei juu ya trei nyuma, akayapeleka kwa waoka mikate, kwenye hoteli, kwenye maduka, akasalimiwa na kila mtu kwa jina la biashara yake: Mama Mayai. Bila gari alikuwa mtu wa kukaa sebuleni na kuuliza nani anapita. Aliwahi kukaa hivyo miaka mingi kabla ya gari, na alisema angependa kufa kuliko kurudi.

Gari lenyewe lilikuwa linakufa taratibu, halafu asubuhi moja likafa jumla. Kwenye kilima cha kutokea mjini injini ilinguruma, gari likabaki palepale. Likavutwa hadi gereji. Bolti akamwaga mafuta ya giaboksi, yakatoka meusi, yananuka kama mkate ulioungua. Hakuwa na haja ya kufungua zaidi.

"Hii imekwisha," alimwambia mkewe. "Natafuta nyingine."

Kutafuta ndiko kulikokuwa na kazi. Magari yale yalitengenezwa kwa namna mbili. Ya mwanzo giaboksi yake huongozwa na kebo inayotoka kwenye pedeli ya mafuta: ukikanyaga sana kebo inavutika, giaboksi inajua kwamba unataka nguvu. Ya baadaye huongozwa na kompyuta, kebo hakuna, badala yake kuna soketi yenye nyaya nyingi. Kwa nje ni mapacha. Matundu ya bolti yaleyale, mdomo uleule, hata mkia unalingana. Wauzaji wasiojua wataapa kwa watoto wao kwamba ni kitu kimoja. Wagoni ya mkewe ilikuwa ya kebo, na za kebo zilikuwa zimeshakwisha mjini. Bolti alizunguka yadi moja hadi nyingine, akatukanana na wauzaji, akaonyeshwa za soketi, za soketi, za soketi. Kuna yadi moja tu hakuingia.

Jioni mkewe alikuwa jikoni anaosha vyombo, mguu mbovu ameuegemeza kwenye kabati.

"Kaka kanipigia simu. Anasema anayo ya kebo, nzima."

"Nani alimuuliza?"

"Hakuna aliyemuuliza. Kasikia gari limekufa. Mji mzima umesikia, watu wamekosa mayai."

"Aendelee kusikia."

Mkewe akafunga bomba. "Baba watoto, sikuulizi habari za kaka. Ugomvi wenu ni wenu, mle, mshibe. Nakuuliza wewe kama fundi. Inafaa au haifai?"

Bolti akaangalia kucha zake. "Haifai."

"Kwa nini?"

"Ile ni ya gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mkia wake mwingine kabisa, propela ya kuzungusha magurudumu ya nyuma haiwezi kushika."

"Umeiona?"

"Nitaionaje? Mimi naingia kwake?"

Uongo mtupu, na si wa bahati mbaya. Jumapili, yadi imefungwa, alipita pale kama mtu anayenyoosha miguu, akapiga magoti kwenye ua wa waya na kuitazama. Ilikuwa imelazwa juu ya tairi karibu kabisa na ua. Aliona shimo la kebo, kebo yenyewe ikiwa bado imening'inia. Aliona mkia, wa kawaida, uleule. Hakuna kitu chochote mjini kilichofaa kuliko kile, na roho ilimuuma kwa sababu ya ua ule na kwa sababu ya mtu aliyeuweka. Akili yake ilisema inafaa. Mdomo ukaapa kwamba haitafaa, na afe na tai shingoni.

Mkewe alimwamini. Katika ndoa yao Bolti alishamdanganya kuhusu mambo mengi, alikokuwa, aliyekuwa naye, kwa nini amechelewa, na mama huyu alishazoea kuyapima maneno yake kabla ya kuyapokea. Lakini kwenye giaboksi hakuwahi kumdanganya. Hapo palikuwa mahali pekee ambapo mwanamke huyo aliweka mguu wake mzima bila kujaribu kwanza kama sakafu ipo.

Bolti akanunua ya soketi. Akaifunga vizuri, konveta likakaa, vyuma vikakutana kwa mkono, hakuvuta hata bolti moja. Kisha akakabiliana na zile nyaya zisizo na kompyuta ya kuziongoza. Giaboksi ya namna hiyo ikikosa kompyuta hung'ang'ania gia moja na kupiga kwa nguvu zake zote. Bolti akachukua swichi ya feni, feni ya sebuleni, akaifunga kwenye dashibodi kwa skrubu, akaunganisha nyaya. Akaitazama kazi yake na kuipenda.

"Ukianza kuondoka, bonyeza hapa," alimfundisha mkewe. "Likichangamka, bonyeza hapa. Mbele kuna kilima, rudi hapa."

"Sasa hii ni otomatiki gani, nabadilisha gia kwa swichi ya feni?"

"Klachi unaiona?"

"Siioni."

"Basi ni otomatiki. Nenda kazini."

Akaenda. Alifika kwa wafugaji salama, akapakia, akarudi mjini polepole, jasho linamtoka. Kwenye makutano makubwa taa ilipowaka kijani akabonyeza. Gari likaruka mbele kama limepigwa teke. Nyuma yake akasikia trei ya juu ikiteleza. Akashtuka, akabonyeza tena, gari likapiga teke la pili, na ukuta mzima wa mayai ukaanguka. Mwenye lori nyuma yake akashikilia honi.

"We mama! Kama gari limekushinda nunua punda!"

Mkono wake ulikuwa bado unatafuta swichi. Ute wa mayai ukapita chini ya kiti, ukamfikia miguuni, ukaingia kwenye viatu. Aliendesha hivyo hadi gereji, na nzi walimpokea kabla ya mumewe.

Bolti akafungua mlango wa nyuma, akatazama. Watu wa jirani walikuwa wameshaanza kusogea. Fundi wa rangi wa banda la pili alikuwa anacheka waziwazi, brashi mkononi. Pale Bolti angeweza kusema neno lolote. Angeweza kusema pole.

"Umebonyeza vibaya," alisema. "Unabonyeza kwa pupa."

Mkewe akavua viatu, akavimimina chini. "Kwa hiyo kosa ni langu."

"Giaboksi haina tatizo."

Mama Mayai akavishika viatu mkononi. Alimjua mtu huyu. Aliwahi kumsikia akimwambia kaka yake kwamba kauziwa mbovu, kwa sauti ileile, uso mkavu uleule. Akageuka, akaondoka peku, akichechemea barabarani na mayai yanamkaukia miguuni, na kichwani mwake likazunguka swali moja tu: kama hili ni uongo, na lile la jikoni je?

Kesho yake Bolti alipoondoka kwenda kutafuta mafuta ya breki, mkewe aliwaita waosha magari, akawaambia waitoe giaboksi ya zamani chini ya turubai waipakie kwenye pikapu ya kukodi. Fundi wa rangi akauliza inakwenda wapi. Mama Mayai akamwambia apake rangi.

Kaka yake alimkuta yadini ameshaamuru ishushwe, imelala ubavuni mwa ile iliyokuwa inauzwa.

"Karibu, dada. Leo umeikumbuka yadi?"

"Pima."

"Nipime nini?"

"Hii na hii. Pima mbele yangu, mkia, mdomo, kila kitu. Na usiniambie maneno, nionyeshe."

Kaka akachukua rula ya chuma. Kina cha mdomo, sawa. Matundu ya bolti, sawa. Akahesabu meno ya shafti kwa ukucha, sawa. Mama Mayai akainama na kupitisha mkono mwenyewe juu ya mkia wa moja, kisha wa nyingine. Shimo la kebo, hapa na hapa. Mwanamke ameishi na fundi wa giaboksi maisha yake yote ya utu uzima, hakuhitaji kusomewa.

"Nani alikwambia haifai?" kaka akauliza.

"Mtu ambaye hajaiona."

"Hajaiona?" Kaka akaanza kutabasamu, na tabasamu lake halikuwa zuri. "Mlinzi wangu alimwona mumeo Jumapili kapiga magoti kwenye waya wangu. Nilidhani anasali." Akacheka mpaka rula ikamtoka mkononi.

Dada yake hakucheka. 

"Usicheke," alisema. "Ulishawachekesha watu siku tunamzika mama, ndiyo maana mimi nimekaa kwenye mayai yaliyovunjika. Nyie wawili ni kitu kimoja. Mmoja anavuta kwa bolti, mwingine kwa mdomo."

Kaka akaokota rula. Akaipangusa kwenye suruali ingawa haikuwa chafu.

"Chukua," alisema hatimaye. "Lakini mumeo asiiguse."

"Usinipe masharti. Hata mimi sitaki aiguse."

Hivyo ndivyo wagoni ya kijivu ilivyofungwa kamba na kuvutwa kutoka gereji ya Bolti kupanda hadi yadi, mchana kweupe, barabara imejaa watu. Mama Mayai alikaa nyuma ya usukani, madirisha wazi kwa sababu ya harufu. Bolti alitoka chini ya gari la mteja akiwa na grisi usoni.

"Gari langu linakwenda wapi?"

"Lako?" mkewe akamjibu bila kugeuza kichwa. "Chako ni giaboksi ya swichi ya feni. Nakurudishia."

Fundi wa rangi alisema kitu, na mteja aliyekuwa anasubiri akasema kitu, na Bolti akarusha spana. Safari hii alilenga, ila alikosa. Jioni ya siku hiyo alirudi nyumbani akakuta chakula kimefunikwa mezani, chake peke yake, na mlango wa chumbani umefungwa. Alilala sebuleni, chini ya feni isiyo na swichi, kwa joto.

Walikaa hivyo. Nyumbani hapakuwa na kelele, na Bolti aliyezoea kelele aliona afadhali angepigwa. Barabarani wagoni, iliyokwisha kufungwa giaboksi ya kebo na mafundi wa yadini, ilipita asubuhi na mchana, na kila ilipopita aliacha alichokuwa anafanya. Alijaribu kujizuia akashindwa. Masikio yake yaliifuata hadi kona. Wateja nao waliona. Fundi ambaye mkewe mwenyewe anapeleka gari kwingine, hilo halihitaji kutangazwa redioni.

Asubuhi moja mkewe alisimama mlangoni, funguo mkononi.

"Panda."

"Kwenda wapi?"

"Panda, baba watoto."

Akapanda. Nyuma trei zilikuwa zimejaa, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kwenye dashibodi palibaki vitundu vya skrubu.  Gari likaondoka.

Bolti akasikiliza. Alisikiliza kwa chuki yake yote, kwa miaka yote aliyokaa chini ya magari. Alitega sikio asikie mlio wa konveta lililokaa vibaya. Akangoja gia ya pili ichelewe, ya tatu ipige. Waliingia makutano makubwa, taa ikawaka kijani, mkewe akakanyaga taratibu, na gia zikapita moja baada ya nyingine kimyakimya, hata yai moja halikutikisika. Wakaanza kilima cha kutokea mjini, na hapo Bolti akajikuta anaomba. Aliomba iharibike. Hapa hapa, sasa hivi, mbele ya lori lile, ipasuke, watu waone kazi ya mafundi wa shemeji. Aliomba hivyo kwa moyo wote mpaka macho yake yakaangukia mguu wa kushoto wa mkewe, umelala pale sakafuni bila kazi, na akaelewa anaomba nini na nani yumo ndani. Akaona aibu, aibu halisi, ya kuwasha ngozi.

Juu ya kilima mkewe aligeuza gari, wakaanza kurudi.

"Unasikia nini?" aliuliza.

"Sisikii kitu."

"Sikuulizi hivyo. Nakuuliza kama fundi. Inafaa au haifai?"

 Angeweza kusema kuna mlio kwa mbali, na mtu mwingine yeyote angemwamini.

"Inafaa," alisema Bolti. "Ilikuwa inafaa tangu mwanzo."

Mkewe akaitikia kwa kichwa, macho barabarani. Akateremka polepole hadi mbele ya gereji, akasimamisha gari bila kuzima injini.

"Hilo ndilo nililokuuliza jikoni," alisema. "Shuka, nachelewesha mayai ya watu."